Wazimu Wako Uupangie Saa

Vijana wengi wanaotaka kuandika huanza kwa kujikagua kama wana kichaa cha kutosha. Wamesikia kwamba mshairi lazima awe na kitu kichwani, kwamba mwandishi wa kweli hachani nywele, anakunywa, anaongea peke yake njiani, halafu usiku mmoja anashukiwa na kitabu kizima. Basi wanakaa kungoja washukiwe. Nawaandikia hasa walioko Rulenge na vijiji vyake, Ngara kwa ujumla, na jirani zao wa Biharamulo. Kwao ngojangoja hii ina gharama kubwa kuliko kwa kijana wa Dar es Salaam, maana wachapishaji wako mbali, watu wa kukusukuma ni wachache, na shamba halikosi la kukuitia.

Ushauri wangu ni huu: wazimu ruksa, ila upewe saa yake, na saa zinazobaki ziwe za kazi. Kipaji tutakiangalia mwishoni, kwa kuwa mwandishi mwenyewe ndiye asiyefaa kabisa kukipima.

Tuanze na mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa. Aniceti Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896. Mwaka 1909 aliletwa huku kwetu, seminari ya Rubya, ambayo sasa iko wilaya ya Muleba, akatoka mwaka 1919 bila kuwa padri lakini na Kilatini chake. Akaoa, akafanya kazi kwa wafanyabiashara, baadaye akafanya kazi misheni. Kwa kuhimizwa na padri mmoja wa Kanada, Almas Simard, aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya maisha ya mume na mke waliotafuta mtoto, na mwanzoni mwa mwaka 1945 akaimaliza. Hakupatikana wa kuichapa. Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache mno machoni pa wenye mitambo. Padri Simard akafariki na mswada ukabaki. Kitereza, naye sasa mzee mwenye viungo vinavyouma, akakaa chini akaifasiri riwaya yake yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaitoa kwa tarehe ya 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aliyekuwa akiiongoza nyumba hiyo wakati huo ni Walter Bgoya, ambaye chimbuko lake ni hapo hapo Ngara. Vitabu vilichapwa China, na Kitereza alifariki Aprili 1981 kabla havijamfikia.

Mtu anayeandika riwaya ya mamia ya kurasa kwa lugha ya kisiwa kimoja, bila mchapishaji wala ahadi ya senti, ana wazimu. Sibishi. Ila tazama wazimu ule uliingia wapi: uliingia katika uamuzi wa kuanza na katika ukaidi wa kutoacha. Katika kurasa zenyewe huuoni. Humo unakuta namna ya kulima, kuposa, kutibu, kupika na kusalimiana, vimepangwa na mtu mtulivu aliyejua kila kitu kinakaa wapi. Mgawanyo huo ndio ningependa uuibe.

Shaaban Robert naye alikuwa mtu wa ofisi. Aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akihamishwa huku na huku. Utenzi wake mrefu wa Vita Kuu ya Pili, wenye maelfu ya beti, aliutunga miaka ile ile ambayo mchana alikuwa akijaza madaftari ya serikali. Mwenye kusema hana muda ajipime na huyo karani.

Mtabisha: na Kezilahabi? Anayefungua Nagona (1990) au Mzingile (1991) anaweza kudhani aliyeandika alipagawa. Lakini Euphrase Kezilahabi alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi iliyonyooka, inayofuatika hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Kisha Kichwamaji mwaka 1974, ambamo akili ya Kazimoto inachemka lakini sura zimepangwa barabara. Mwaka 1985 akachukua shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani. Vile vitabu viwili vilivyovunja masimulizi vilikuja baada ya hayo yote, na aliyeviandika alikuwa mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa akisahihisha mitihani ya watu. Kijana anayeanza na Mzingile wake mwenyewe kabla hajaweza kusimulia safari ya kwenda Kabanga na kurudi anajidanganya, na msomaji atamgundua kufika ukurasa wa pili.

Hata pepo wa kwetu walikuwa na shule. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, kwenye ibada za Kiranga wa Burundi, Ryangombe wa Rwanda na embandwa wa Buhaya, aliyeingizwa katika kundi alipitia hatua, akafundishwa nyimbo, miiko na maneno ambayo asiyeingizwa hakuyajua. Wazungu waliotazama toka nje waliona mtu anatetemeka. Waliomo ndani waliona mtu aliyefundwa akifanya alichofundwa.

Sasa kazi yenyewe.

Nunua kaunta buku la kurasa nyingi na kalamu mbili. Simu iache kwanza, nitaieleza baadaye. Chagua saa moja ya siku na usiibadili. Kwa wengi wa Rulenge saa hiyo ni alfajiri, kabla ya jembe, wakati baridi bado imelala bondeni na hakuna aliyeamka kukutuma. Kwa mwalimu inaweza kuwa jioni baada ya kusahihisha. Isiwe zaidi ya saa moja mwanzoni. Anayejipangia saa tano atakosa siku ya tatu, atajilaumu siku ya nne, na siku ya tano ataamua kwamba hakuumbwa kuwa mwandishi.

Saa hiyo ndiyo ya wazimu. Humo usifute. Usitafute neno zuri. Neno la Kiswahili likikataa kuja, weka la Kishubi au la Kihangaza, lipigie mstari chini, endelea. Mhusika wako akimtukana mwenyekiti wa kijiji, paroko au baba yake mzazi, mwache amalize, hakuna anayesoma. Akitaka kufa ukurasa wa tatu wakati ulimpangia harusi, mfuate uone anakokwenda. Andika hata lile unaloliona aibu, hasa hilo. Saa ikiisha funga daftari, na ufunge mahali ambapo bado unajua kitakachofuata, ili kesho usianze na kichwa kitupu. Ernest Hemingway alikuwa akifanya hivyo, na sioni kwa nini isifae Rulenge.

Fuata mvua katika kupanga mwaka. Huko kwetu wakati wa kupanda, vuli na masika, mwili unarudi umechoka na akili nayo. Kujilazimisha kutunga sura mpya miezi hiyo ni kujitesa. Wakati huo soma, kata, sahihisha, dakika chache kila siku. Kipande kirefu kipya kiwekee kiangazi, Juni hadi Agosti. Anayeishi kwa mshahara ana kalenda nyingine, lakini naye ana miezi yake mizito na myepesi. Aijue.

Ukimaliza rasimu ya kwanza, iache. Hapa wengi huharibu. Wanamaliza Jumamosi, Jumatatu wanaipeleka kwa mwalimu wa Kiswahili, Jumatano wanalia. Anayepika rubisi hakamui ndizi siku aliyozikata. Anazivundika kwanza, na akiharakisha, wanywaji ndio watakaomweleza. Mwezi mmoja unatosha kwa hadithi fupi, na riwaya ipe zaidi. Ukirudi utasoma kama maandishi ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine utamwona makosa yake yote.

Kurudi huko ndiko kazi ngumu, na hakuna wazimu unaokusaidia humo. Soma kwa sauti, peke yako, sentensi moja moja. Ulimi unapokwama, weka alama. Nitaje makosa ninayoyakuta mara kwa mara katika miswada ya vijana wanaonionyesha: hadithi inayofunguka kwa jua linalochomoza na ndege wanaoimba; neno "ghafla" kila ukurasa; methali tatu mfululizo kusema jambo moja; tajiri mbaya na maskini mwema ambao wangeweza kubadilishana majina bila mtu kugundua; na hotuba ya mwisho ambamo mzee wa kijiji anatueleza tulichokwisha kukiona. Hiyo hotuba ikate kwanza. Hadithi ikianguka baada ya kuikata, ujue haikuwa imesimama.

Kisha tafuta kila mahali ulipotaja hisia kwa jina lake. Chukua mwisho wa Aprili 1994, daraja la Rusumo, watu takriban 250,000 wakivuka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Mswada wa kwanza wa kijana yeyote utasema: "Watu wengi sana walivuka wakiwa na huzuni kubwa isiyo na kifani." Sentensi hii haina kosa la sarufi na haina mtu ndani yake. Jaribu hivi: "Mwanamke alivuka daraja na mchi begani. Kinu alikiacha." Huzuni haikutajwa. Idadi ya watu unaweza kuitaja mahali pengine, kavu kavu, na itauma zaidi kwa kuwa tumeshamwona mmoja.

Mchi ule hutauota. Utaupata kwa kuuliza waliokuwepo na kusikiliza, na Ngara ina watu wengi wa kuuliza. Kuna waliouza maji na mihogo Benaco wakati kambi ya wakimbizi ilipojaa, waliopoteza miti ya kuni kilomita nyingi kuzunguka kambi, walioajiriwa kutafsiri. Kuna waliokua wakisikiliza Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kuna wazee wanaomkumbuka Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyeamini ujamaa kiasi cha kwenda kuishi na wanakijiji Nyabihanga. Walimwonaje? Mtakatifu, mtu wa ajabu, au jirani tu aliyelima nao? Uliza watu watano utapata majibu matano, na hapo riwaya imekwisha kuanza. Beba kijidaftari cha mfukoni mnadani, stendi, kwenye benchi la hospitali. Andika watu wanavyosema, usiandike unavyofikiri walitakiwa kusema.

Juu ya lugha nina neno ambalo baadhi ya walimu hawatalipenda. Kiswahili cha wengi wetu upande huu ni cha shule, kanisa na ofisi. Tunakijua vizuri, lakini ugomvi wa jikoni tunaufanya kwa lugha nyingine. Ndiyo maana katika miswada mingi mama mkwe anazungumza kama afisa mtendaji. Dawa ni ya Kitereza: ugomvi uandike kwanza kwa lugha ulimotokea, kisha uuhamishe. Katika kuhamisha utalazimika kutafuta Kiswahili kinachouma kiasi kile kile, na mara nyingi kipo, ila hakikai katika vitabu vya sarufi. Utakipata kwa madereva wa malori na akina mama wa sokoni.

Niseme sasa juu ya wazimu wenyewe, ule wa hospitali, kwa kuwa hapa mzaha una madhara. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walitoa uchunguzi uliotumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja na jamaa zao. Watu wa fani za ubunifu kwa jumla hawakuonekana kuugua akili kuliko wengine, isipokuwa ugonjwa wa bipola. Lakini waandishi walijitenga na kundi. Kwao maradhi kadhaa ya akili yalikuwa mengi zaidi, na uwezekano wa kujiua ulizidi wa watu wengine kwa karibu nusu. Takwimu hizo hazisemi kwamba ugonjwa unazaa vitabu. Zinasema kwamba kazi hii ina watu wanaoumia na inafaa tuangaliane.

Bessie Head ndiye ninayemkumbuka hapa. Alizaliwa mwaka 1937 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili alikokuwa amewekwa mama yake. Akaishi Serowe, Botswana, akaugua mwenyewe, akalazwa Lobatse mwaka 1971. Riwaya yake A Question of Power, inayosimulia kuvurugika huko, ilitoka mwaka 1973. Alichotuachia ni kitabu kilichopangwa, na kupanga ni kazi ya akili iliyopata nafasi ya kupumua. Dambudzo Marechera wa Zimbabwe vijana wanamwiga zaidi, kwa sababu inasimuliwa kwamba alirusha sahani kwenye hafla ya kupewa tuzo ya gazeti la Guardian mwaka 1979. Wanaoiga sahani hawaigi mtoto aliyeokota ensaiklopidia ya watoto jalalani akaisoma. Marechera alikufa mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka 35. Hakuna kitu cha kuonea wivu hapo.

Kwa hiyo: usiku kadhaa mfululizo bila usingizi na bila kuuhitaji, sauti zinazokuamuru, fikra za kujidhuru, kushindwa kuamka kitandani wiki nzima. Hizo si dalili za kitabu kinachokuja. Mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali, iwe Rulenge, Murgwanza au Biharamulo, kama ambavyo ungekwenda kwa malaria. Mswada utakusubiri. Na wanaokutania kwamba utapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, waache wacheke, watu wanatoka Mirembe wakiwa wazima. Pombe nayo nisiizungushe: kikombe cha rubisi na wenzako ni njia nzuri ya kusikia hadithi, ila sijaona aya moja iliyoboreshwa na gongo.

Kipaji kipo, na hakikugawiwa sawasawa. Wanaosema kila mtu anaweza kuandika wanauza kozi. Kuna mtu anasikia sentensi inachechemea kabla hajajua kwa nini, na mwingine atafundishwa miaka asisikie. Lakini kwa anayeanza habari hiyo haina matumizi, kwa sababu kipaji hakijionyeshi katika kurasa kumi za kwanza za mtu yeyote. Kinaonekana, kama kipo, baada ya rasimu ya tatu, pale kazi imekwisha kuondoa takataka zilizokifunika. Wako wenye masikio mazuri kabisa ambao hawatajulikana kamwe kwa sababu hawajawahi kumaliza kitu. Wako wengine wa wastani ambao kwa kuandika kila wiki wamekuwa sauti ya watu. Privatus Karugendo, aliyekuwa padri wa Jimbo la Rulenge, alijulikana nchi nzima kwa makala za magazetini. Makala ina siku ya kufika mezani kwa mhariri, na siku hiyo ikifika haiulizi kama umeshukiwa.

Ndiyo maana ujiwekee mtu wa kukudai. Tafuta wawili au watatu mnaoandika, mkutane Jumapili moja kila mwezi baada ya ibada, kila mmoja na kurasa zake. Asiyekuja na kurasa ananunua chai. Sheria ya kusomana ni kwamba msikilizaji haruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya". Aseme wapi alichoka, wapi hakuelewa, wapi alitaka kujua zaidi. Mwandishi anyamaze mpaka mwisho, asijitetee. Mkipata mmoja asiye mwandishi, fundi cherehani au muuza duka, mwiteni. Huyo atachoka mapema kuliko ninyi, na pale alipochoka ndipo pa kukata.

Simu sasa. Kila unapomaliza sura, piga picha kurasa zote na uzitume kwa mtu wa pili aliye mji mwingine. Moto, mchwa na mvua vimekula miswada mingi kuliko wahariri. Uchapaji kwa kompyuta fanya ukishamaliza rasimu ya mwisho, na usilipie ukurasa mmoja kabla.

Halafu toa kazi nje. Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Imekuwa ikipokea kazi kama riwaya, ushairi na hadithi za watoto, na miswada inayoshinda huchapishwa. Ipo pia Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na hiyo hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno: idadi ya maneno, aina ya fonti, tarehe ya mwisho. Mswada mzuri uliochelewa siku moja hausomwi.

Kama unao wako umelala sandukuni Rulenge, Murusagamba au Nyakahura, utoe leo jioni, usome kwa sauti kurasa tano za mwanzo, na ukate ile aya ya jua linalochomoza. Kesho alfajiri endelea na ukurasa wa sita.